Ngazi ya 11 ya silaha: nilipe, au ninunue manowari?

Assalamu alaykum kaka mshauri,

Mie ni kijana wa miaka 24, nakaa Wete, Pemba. Mchana namsaidia ami dukani, usiku nacheza OGame, ule mchezo wa sayari na meli za anga unaochezwa ndani ya brauza. Kwa wasioujua: unachimba metali, kristali na deuteriumu, unajenga meli, unavamia wenzio na wewe unavamiwa, na saa hazisimami hata ukiwa umelala. Nina mwaka na nusu humo.

Sasa nimekwama. Teknolojia yangu ya silaha iko ngazi ya 10. Ya 11 inataka metali 819,200 na kristali 204,800. Nimezikusanya kwa wiki tatu, kidogo kidogo, kwa kuvamia sayari za watu walioacha kucheza. Zipo zote. Lakini kila nikitaka kubonyeza, mkono unasita. Nikikosea hapa, wiki tatu zimekwenda na maji.

Msafara wangu ni huu: vipiganaji vyepesi 260, kruza 40, manowari 25 na vyombo vidogo vya mizigo 90. Ngao na deraya zote ziko ngazi ya 7. Injini ya mwako iko ya 6, ya impalsi ya 4, ya haipaspesi ya 4. Nikienda kuvamia natoka na msafara mzima, mizigo na vita pamoja, kwa sababu sitaki vyombo vya mizigo vifike huko bila ulinzi.

Mwenzangu mmoja wa Chake Chake, tuko muungano mmoja, anasema silaha kwanza, mengine baadaye. Mwengine anasema meli ndiyo meli, ninunue manowari. Tena huyu wa Chake ananishawishi nitoe pesa ya kweli ninunue maada nyeusi, ile sarafu ya mchezo, niajiri maofisa na kufupisha muda wa utafiti. Nina shilingi 180,000 nilizopata kwa kuchuma karafuu msimu uliopita. Nilizitenga kwa ajili ya simu, maana hii yangu kioo kimepasuka pembe hadi pembe, na ufa umepita palepale kwenye kitufe cha kurudisha msafara. Mara mbili nimebonyeza wee mpaka nimechelewa.

Mama anasema huu ni utoto. Nakuomba usinijibu kuwa niache mchezo, hilo nimeshaambiwa na kila mtu. Nataka kujua: ngazi ya 11 ina thamani ya bei yake au haina?

Nahodha wa Anga, Wete

*

Waalaykumu ssalamu, mdogo wangu Nahodha.

Sikwambii uache. Mchezo huu ulianza Ujerumani mwaka 2002, na mtu hawezi kudumu mwaka na nusu humo bila kujifunza kupanga, kusubiri na kupiga hesabu. Umeniletea namba zako zote, na hilo limenifurahisha kuliko unavyodhani. Wengi huniandikia "nipandishe au nisipandishe?" bila kuniambia wana meli ngapi. Swali hilo halina jibu. Lako linalo.

Jibu ni hapana, usilipe ngazi ya 11 sasa. Na nikisoma barua yako naona kitu kingine cha kulipia kwanza, ambacho wewe umekitaja kwa kupita tu.

Tuanze na silaha. Ukifungua ukurasa wa utafiti unaambiwa kila ngazi inaongeza 10%, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Hiyo 10% ni ya nguvu ya asili ya meli, siyo ya nguvu uliyonayo leo. Chukua manowari moja. Nguvu yake ya asili ni 1,000. Kwa silaha za ngazi ya 10 inapiga 2,000. Kwa ngazi ya 11 itapiga 2,100. Kipiganaji chepesi kinachoanza na 50 kitatoka 100 kwenda 105. Kwa hiyo unachonunua ni nyongeza ya 5% juu ya ulichonacho, na kila ukipanda inazidi kuwa nyembamba. Bei nayo inakwenda kinyume chake: kila ngazi ni mara mbili ya iliyotangulia. Ngazi ya kwanza ilikuwa metali 800 na kristali 200, bila shaka hukumbuki hata kama uliilipa. Ya 11 ni hiyohiyo mara 1,024.

Sasa tuulize: hiyo 5% inakaa juu ya nini? Vipiganaji 260 kwa 4,000 kila kimoja, nikijumlisha metali, kristali na deuteriumu, ni 1,040,000. Kruza 40 kwa 29,000 ni 1,160,000. Manowari 25 kwa 60,000 ni 1,500,000. Ukiacha vyombo vya mizigo, jeshi lako lote lina thamani ya 3,700,000. Asilimia tano yake ni 185,000. Unataka kulipa 1,024,000 upate kitu cha 185,000.

Na hata hiyo 185,000 nimekupendelea. Ukiongeza meli kwa 5%, unaongeza makombora, ngao na mwili wa kupokea mapigo, vyote vitatu kwa pamoja. Silaha inaongeza makombora peke yake. Msafara wenye kupiga zaidi lakini usiostahimili zaidi unakufa vilevile, umetofautiana tu katika kelele.

Ngazi hiyo itaanza kujilipa msafara wako ukivuka thamani ya milioni 20, ukihesabu pamoja na mizinga ya ulinzi ya sayari zako, kwa sababu silaha inaipandisha nayo. Siku hiyo ikifika uilipe bila kusita. Mwenzako wa Chake huenda yuko huko tayari. Ushauri wake unaweza kuwa sahihi kabisa kwake na usikufae wewe, na wala hajakudanganya.

Nisiifiche hoja ya upande wa pili, maana ni ya kweli na mimi mwenyewe niliifuata. Teknolojia haivamiwi. Meli zinaungua, utafiti haupotei. Miaka ya nyuma nilikuwa na manowari 60 na silaha za ngazi ya 11, nimejibana mpaka nikaipata. Usiku mmoja wa Ramadhani nimerudi taraweh, nikajilaza nikisema nitautuma msafara safarini kabla ya daku ili asiukute mtu. Usingizi ukanichukua. Nilipoamka, mwadhini ameshaadhini, na kwenye sanduku la ripoti kuna ripoti moja tu. Mapigano yaliishia mzunguko wa tatu, hayakufika hata wa sita, ulio wa mwisho. Manowari zote 60 zimekwisha. Mabaki yaliyobaki angani, 30% ya metali na kristali yake, yalikuwa 810,000 na 270,000, na kabla sijatawadha alikuwa ameshatuma meli zake za kuzolea akayabeba. Silaha yangu ya ngazi ya 11 ilibaki pale pale, salama salimini, haina hata meli moja ya vita ya kuitumia. Nilikaa miezi miwili nikiitazama.

Ndiyo maana siamini tena ile kauli ya kwamba utafiti ni akiba. Ni akiba kwa mwenye cha kuutumilia.

Haya, sasa kile ulichokitaja kwa kupita. Umeandika: injini ya mwako ya 6, ya impalsi ya 4, ya haipaspesi ya 4. Halafu ukasema unatoka na msafara mzima pamoja na vyombo vidogo vya mizigo 90. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikachukua kalamu.

Msafara wa OGame hutembea kwa mwendo wa chombo kilicho polepole kuliko vyote. Manowari zako kwa haipaspesi ya 4 zina mwendo wa 22,000. Kruza kwa impalsi ya 4, 27,000. Vipiganaji kwa injini ya mwako ya 6, 20,000. Na vyombo vyako vidogo vya mizigo? 8,000. Manowari 25, kruza 40, vipiganaji 260, vyote hivyo vinaburura miguu vikingoja mabohari yako 90. Kila uvamizi uliofanya kwa wiki tatu hizi umeufanya kwa mwendo wa 8,000.

Chombo kidogo cha mizigo kina siri moja: impalsi ikifika ngazi ya 5, kinaacha injini ya mwako na kuvaa injini mpya, na mwendo wake wa asili unatoka 5,000 kwenda 10,000. Ukichanganya na nyongeza ya ngazi tano, 20% kila moja, kinakimbia 20,000. Sawasawa na vipiganaji vyako. Msafara wako mzima unaruka kutoka 8,000 kwenda 20,000 kwa kulipa ngazi moja tu. Muda wa safari haupungui kwa kiwango hichohicho, hupungua kwa kipeuo chake cha pili, lakini safari iliyokuwa saa nzima itakuwa kama dakika 38. Kwenda na kurudi, usiku kucha, piga hesabu mwenyewe utavamia mara ngapi zaidi.

Bei ya impalsi ya 5 ni metali 32,000, kristali 64,000 na deuteriumu 9,600. Kama sehemu moja ya kumi ya ile ngazi iliyokunyima usingizi. Ubaya wake ni mmoja: vyombo hivyo vitakula deuteriumu mara mbili ya sasa, kutoka 10 kwenda 20 kila kimoja kwa kipimo cha mchezo. Uuangalie mgodi wako wa deuteriumu, usije ukaishiwa.

Hapa lazima nimtaje babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa Kojani. Mavuno yakiwa mazuri, vijana wa chomboni walikuwa wakitaka tanga jipya, kwa sababu tanga linaonekana na kila mtu wa pwani. Yeye akisubiri maji ya bamvua, akakipandisha chombo juu, kikainamishwa ubavu, akakichoma chini kwa makuti makavu. Nilikuwa mdogo, nakumbuka ule moshi na sauti ya ubao ukipasuka-pasuka kwa joto, na uchafu wa bahari ukidondoka mchangani vipande vipande. Mdudu aliyeanza kula ubao alikufa humo humo. Kisha kalafati pale palipolegea, kisha chokaa na shahamu. Siku ya tatu chombo kiko majini, kwa tanga lilelile lenye viraka, kinawaacha wenye matanga mapya. Hakuna aliyekuwa akikiona alichokilipia, kiko chini ya maji.

Impalsi ya 5 ndiyo huko chini ya chombo chako.

Ukishailipa unabaki na metali 787,200 na kristali 140,800. Hapa yule mwenzako wa pili, anayesema meli ndiyo meli, ana haki yake. Nunua manowari 9. Zitachukua metali 405,000 na kristali 135,000. Hilo ni ongezeko la karibu 15% ya jeshi lako lote, makombora na ngao na mwili. Kristali sasa imekwisha, imebaki 5,800, na kristali siku zote ndiyo inayouma. Lakini metali bado unayo 382,200, na ipo teknolojia moja inayokula metali peke yake: deraya. Yako iko ngazi ya 7. Ya 8 ni metali 128,000. Ya 9 ni 256,000. Jumla yake 384,000. Unapungukiwa 1,800 tu, ambazo mgodi wa metali wa ngazi ya 20 huzitoa kwa chini ya nusu saa. Toka ngazi ya 7 kwenda ya 9, mwili wa kila meli yako unakuwa mgumu kwa karibu 12%, zikiwemo hizo 9 mpya.

Kwa bei ile ile basi, msafara wako unapata mwendo mara mbili na nusu, manowari 9, na 12% ya uimara, mahali pa 5% ya makombora. Nimeipiga hesabu hii mara mbili kwa karatasi kabla ya kukuandikia, kwa sababu nakwambia utumie jasho la wiki tatu.

Utaratibu wake uwe hivi. Utafiti unafanyika mmoja kwa wakati, kwa hiyo anza na impalsi, na hapo hapo anzisha manowari kwenye karakana. Hizo hazigombanii nafasi na utafiti. Deraya itasubiri. Lakini usiiache metali yake ikilala sayarini ikisubiri, kwani mvamizi anaweza kukubebea nusu ya kilicholala, pengine zaidi. Vyombo vyako 90 vinabeba 5,000 kila kimoja, yaani 450,000. Hiyo 382,200 inaingia yote. Ipakie, itume safarini pamoja na msafara kila ukilala, irudi ukiamka. Usilale kwanza ukasema utatuma baadaye. Nimekueleza yangu.

Ngao umeniuliza? Hukuniuliza, lakini nitasema: ya 8 ni metali 25,600 na kristali 76,800, siyo mbaya, ifanye baada ya deraya. Migodi nayo usiisahau.

Sasa ile 180,000 ya karafuu.

Mwenzako anataka uajiri maofisa na ufupishe utafiti. Ofisa aitwaye Mteknokrati anapunguza muda wa utafiti kwa 25%. Bei ya metali na kristali haigusi. Wewe hujaniandikia kuwa utafiti unachelewa. Umeniandikia kuwa ni ghali na hujui kama unafaa. Atakuwa ameharakisha kosa. Mjiolojia angalau anaongeza 10% kwenye migodi, lakini maofisa hawa wote wanaajiriwa kwa siku, na siku zikiisha wanaondoka. Na maada nyeusi yenyewe inapatikana bure kwa kutuma meli kwenye misafara ya utafutaji, ukiwa na astrofizikia, ule utafiti unaoiruhusu. Mara nyingine utarudi na maada nyeusi, mara nyingine na metali, mara nyingine utakutana na maharamia, na mara chache sana msafara hupotea moja kwa moja, kwa hiyo usitume manowari zote huko.

Anayejua kuchuma karafuu anajua 180,000 ni nini. Ni kupanda mkarafuu asubuhi umande haujakauka, kushusha vichala, kukaa jamvini kuchambua karafuu na makonyo mpaka vidole vinanata, na kulipwa kwa pishi. Sikuzuii kutumia pesa yako kwenye mchezo, ni yako na ni halali yako. Ninachosema ni kwamba umeniambia mwenyewe chombo gani katika msafara wako kinakwenda polepole kuliko vyote, na hakiko angani. Ni hiyo simu. Mara mbili umebonyeza kitufe cha kurudisha msafara kikakataa kwa sababu ya ufa. Ya tatu inaweza kuwa ndiyo siku mtu anakuja, ukaziona manowari 34 zinaungua huku kidole chako kiko juu ya kioo kilichokufa. Silaha ya ngazi ya 11 haikuokoi hapo, wala ya 15.

Nenda kwa fundi wa simu hapo Wete, au Chake siku utakayoshuka, umuulize kwanza bei ya kubadilisha kioo peke yake. Ikiwa simu yenyewe bado nzima, usinunue nyengine. Akubadilishie mbele yako, na kabla hujalipa fungua brauza, ingia kwenye akaunti, uguse kile kitufe mara tatu nne palepale ufa ulipokuwa. Ikibaki pesa, hiyo ni ya bando na ya kumpelekea mama kitu. Naamini akiona hukuitia pesa ya karafuu kwenye meli za hewani, ile kauli ya utoto ataipunguza, na wewe utacheza kwa raha zaidi usiku.

Na impalsi ikishafika ya 5, usitoke na msafara mzima siku hiyo ya kwanza. Chagua sayari moja uliyozoea kuivamia, isiyo na mwenyewe, ambayo muda wake wa safari unaujua kwa moyo. Tuma vyombo vya mizigo peke yake, tazama saa inayoandikwa pale juu. Kisha niandikie ilikuwa dakika ngapi na sasa ni ngapi.

Kaka yako mshauri, Unguja